Chausiku na Meza Isiyo na Mlango

Chausiku alikuwa na kichwa kigumu, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Tangu Kinole alikozaliwa, juu huko milimani, mpaka mjini Morogoro alikokuwa akiuza viungo sokoni, kila aliyemfahamu alikuwa na kisa chake kuhusu ubishi wa dada yule. Ukimwambia jambo, atakuuliza kwa nini. Ukimjibu, atakuuliza tena. Wateja walimpenda kwa tabia ile ile iliyowachosha walimu wake: hakuweka mezani iliki asiyojua imetoka shamba la nani.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na alikuwa amerudi kukaa kwenye dawati. Somo lenyewe hisabati, tena ile ya kidato cha sita, ile inayowatoa watu jasho kwenye baridi. Alipoifanya mara ya kwanza alipata F. Akairudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata F nyingine, ya pili kama ya kwanza. Jiografia na uchumi alishafaulu zamani, na kila mwenye mdomo alimshauri asomee ualimu wa jiografia, maisha yaende. Watu wa namna hiyo ni hodari kweli kupanga maisha yasiyo yao.

Chausiku hakutaka jiografia. Shuleni alikosoma kidato cha kwanza mpaka cha nne, hisabati ilikuwepo kwenye ratiba, mwalimu ndiye hakuwepo. Kipindi kikifika walikaa wakautazama ubao mtupu, kengele ikalia, wakatoka. Yale aliyoyajua alijifundisha mwenyewe kwa kuuliza na kubisha. Tangu siku zile alijiwekea nadhiri kwamba atakuwa mwalimu wa hisabati, na atasimama mbele ya watoto kama wale. Hilo lilikuwa jambo lake, na hakuona aibu kulisema.

Tatizo lilikuwa mjomba.

Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kumpa shikamoo tu na kupita. Ardhi hufuata upande wa mama, na kaka yake mama ndiye mwenye kauli. Mama yake Chausiku alipofariki aliacha nyumba ya vyumba viwili na shamba la karafuu, mdalasini na migomba. Hakuwa na binti mwingine. Mjomba Abdulswamad akalishika shamba kwa niaba ya mpwa wake, akalipalilia, akalilinda na macho ya watu, huku mguu wake wa kulia ukizidi kumsumbua mwaka hadi mwaka.

"Shamba linamtaka mwenyewe," alimwambia siku Chausiku alipopanda kumwomba ruhusa. "Huu mguu haunishushi tena bondeni. Wewe uko mjini unauza viungo vya watu, vya mama yako vinadondoka chini."

"Naomba mtihani mmoja tu, mjomba."

"Mwaka juzi ulisema hivyo hivyo."

"Huu ni wa mwisho. Nikifeli napanda, nakaa, na habari ya shule hutaisikia tena kinywani mwangu."

Mjomba akawaita wazee wawili wa ukoo, akamwambia ayarudie maneno yale mbele yao. Chausiku akayarudia neno kwa neno. Alipokuwa akiteremka kurudi mjini alijua kwamba kwao neno lililosemwa mbele ya wazee halirudi nyuma.

Akajiandikisha tuisheni kwa Mwalimu Eric, kijana wa Bukoba aliyekuwa akifundisha sekondari asubuhi na kukodi chumba Kichangani kwa masomo ya jioni. Mwalimu Eric alikuwa mzuri, ila alikuwa na haraka. Mada ni nyingi, mtihani uko Mei, na darasa limejaa vijana wanaotaka fomula watie mfukoni waondoke. Wengi wao Chausiku angeweza kuwa amewabeba mgongoni.

Walipofika kwenye kupanga na kuchagua, kuchagua kulimwingia siku hiyo hiyo. Mwalimu aliuliza: una viungo saba, unachagua vitatu vya kufunga kwenye pakiti moja ya pilau, utapata pakiti ngapi tofauti? Vijana wakaandika mia mbili na kumi. Chausiku alikuwa akifunga pakiti hizo kila siku ya Mungu. Alijua kwamba ukitanguliza bizari au ukitanguliza karafuu, pakiti ni ile ile, na kwamba vitu vitatu vinaweza kutangulizana kwa njia sita. Akagawa mia mbili na kumi kwa sita, akapata thelathini na tano. Mwalimu Eric akampigia makofi.

Juma lililofuata wakaingia kwenye duara, na hapo ndipo gari lilipozama.

"Watu watano wakipanga mstari, ni tano mara nne mara tatu mara mbili mara moja. Mia na ishirini," alisema Mwalimu Eric, chaki ikikimbia. "Wakikaa kuzunguka meza ya duara, unapunguza mmoja kwanza. Nne mara tatu mara mbili mara moja. Ishirini na nne. Kariri, twende mbele."

Chausiku akanyoosha mkono. "Kwa nini unapunguza mmoja, mwalimu?"

"Kwa sababu ukiwasogeza wote kiti kimoja kulia, hakuna kilichobadilika. Jirani yako wa kushoto ni yule yule, wa kulia ni yule yule. Mizunguko mitano yote tunaihesabu kuwa kitu kimoja. Mia na ishirini gawa kwa tano."

"Lakini kimebadilika, mwalimu."

"Nini kimebadilika?"

"Kila kitu."

Darasa likacheka. Chausiku hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Akasimama akaeleza. Kwao Kinole watu watano wakizunguka sinia la pilau, mkubwa wao hukaa akiutazama mlango, amwone anayeingia. Wadogo huupa mlango mgongo, kwa kuwa wao ndio watakaonyanyuka kufuata maji na kuongeza mchuzi. "Sasa wasogeze wote nafasi moja," alisema. "Mkubwa anakaa upande, mdogo anakaa kama mgeni rasmi. Hapo chakula hakiliki, mwalimu. Panaanza maneno."

Vijana walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Diana, binti aliyetoka Mzinga ambako baba yake alikuwa fundi kiwandani, alimvuta gauni akae. "Dada Chau, hii ni hesabu, siyo shughuli! We kariri tu, utatoboa."

Mwalimu Eric naye alicheka, ingawa alijaribu kujizuia. "Dada Chausiku, andika ishirini na nne. Tutaongea baadaye." Baadaye yenyewe haikufika, kwa sababu mada zilikuwa zinamngoja.

Alijaribu kukariri, asisemwe kwamba hakujaribu. Lakini Chausiku alikuwa mtu ambaye jambo asiloliamini halikai kichwani mwake. Alilala nalo, akaamka halipo. Jaribio la kwanza lilipokuja, maswali yote ya duara alijibu kwa mia na ishirini zake, na karatasi ikarudi imejaa nyekundu. Na kwa kuwa nadharia ya uwezekano ilijengwa juu ya mada hiyo, kosa moja lilivuta jingine mpaka ukurasa wa mwisho. Alizitoa karatasi zake za zamani akazitazama kwa jicho jipya. Alikuwa amefeli mara mbili mahali pale pale. Alikaa kitandani akalia kwa hasira, kisha akanawa uso, akafungua tena kitabu.

Mwezi wa tatu akapanda Kinole kwa hitma ya mama yake. Ilikuwa masika, lakini siku ile mvua ilikata tangu alfajiri na jua likatoka. Watu walikuja wengi kuliko ilivyotazamiwa, na nyumba ya vyumba viwili haikuwatosha hata kwa kusimama. Baada ya dua, Mjomba Abdulswamad akatoa amri wanaume wale nje, uwanjani, mikeka itandikwe kwenye ardhi iliyokauka.

Vijana walikuwa wameteremka kuleta maji, kwa hiyo Chausiku mwenyewe akabeba sinia la wazee, akaliweka katikati ya mkeka. Kisha akarudi na birika na beseni ili wanawe mikono. Akakuta wazee watano wamesimama vile vile. Hakuna aliyekaa.

"Tunakaaje sasa?" mmoja aliuliza.

"Mkubwa atazame mlango, kama kawaida."

"Mlango upi? Si tuko nje."

"Atazame mlango wa nyumba."

"Nyumba iko mbali huko. Wageni wanatokea njiani, atazame njia."

"Mimi nasema atazame kibla."

Pilau ilikuwa inatoa moshi na kupoa. Wazee wa Kinole wanaweza kubishana jambo kama hilo mpaka adhana ya Alasiri, na sasa unajua Chausiku aliupata wapi ubishi wake. Mjomba Abdulswamad, mkubwa wao wote, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja, akachoka. "Mimi nakaa," akasema, akakaa pale pale alipokuwa.

Na hapo ubishi ukaisha. Mara mjomba alipokaa, kila mmoja akajua pake. Anayemfuatia kwa umri alikaa mkono wake wa kulia, mwingine kushoto, na wale wawili waliobaki wakakaa mbele yake, tayari kwa kunyanyuka. Hakuna aliyeuliza tena mlango uko wapi.

Chausiku aliinama kummiminia mjomba maji, lakini akili yake haikuwa kwenye maji. Ndani ya nyumba, mlango unawapanga watu kabla hawajaingia. Hapa nje hakuna mlango. Mjomba angekaa upande wa njia au upande wa migomba, ingekuwa sawa tu, kwa sababu sinia ni duara na uwanja ni uwanja. Wa kwanza akishakaa, yeye ndiye anakuwa mlango. Wanabaki wanne. Nafasi ya kulia kwake ina watu wanne wa kuchagua, inayofuata watatu, halafu wawili, halafu mmoja.

"Ishirini na nne!" alipiga ukelele.

Wazee wakamgeukia. Maji yalikuwa yameshajaa beseni, yamefurika kwenye mkeka, na kanzu ya mjomba ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Ishirini na nne nini?" mjomba aliuliza.

"Samahani, mjomba. Ni hesabu."

"Nawisha watu, mama. Hesabu itakusubiri."

Haikusubiri. Alipokuwa akiosha masufuria alipanga na kupangua wanaume saba, wanane, wake na waume wanaotaka kukaa pamoja, mahasimu wasiotaka kukaribiana. Yote yalikubali. Alicheka peke yake jikoni mpaka shangazi zake wakatazamana.

Jumatatu jioni alimfuata Mwalimu Eric kabla vijana hawajafika, akamweleza habari ya uwanjani. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chaki chini.

"Vizuri," alisema. "Sasa nikuulize mimi. Utajuaje kwamba swali lina mlango au halina?"

Chausiku akafungua daftari lake, akashika kalamu.

"Meza ya kwenye karatasi haina nyumba," Mwalimu Eric akaendelea, na safari hii hakuwa na haraka. "Ukitaka kuipa mlango, lazima mtunga swali akuambie. Atasema kiti cha mwenyekiti kiko dirishani. Atasema viti vimeandikwa namba. Asiposema, usimpe mlango kwa huruma yako. Akisema, usimnyang'anye kwa sababu ya fomula. Kosa lako lilikuwa kuleta mlango wa Kinole kwenye kila meza. Soma swali neno kwa neno, dada."

Aliyashika maneno yale kama mtu aliyekabidhiwa funguo. Kuanzia siku ile mpaka Mei hakuna aliyemwona Chausiku amekaa bure. Asubuhi sokoni alifanya swali kati ya mteja na mteja, na mwenye haraka alingojeshwa mpaka mstari uishe. Diana alizoea kuja kukaa naye nyuma ya magunia ya mdalasini, wakibishana. Diana alikuwa mwepesi wa mkono, Chausiku mzito lakini haachii. Kila swali la duara alianza kwa kujiuliza kwa sauti, "Mlango upo?" Wauza nyanya wa meza ya jirani wakadhani amerukwa na akili.

Siku ya mtihani ikafika. Swali lilikuwa karibu na mwisho wa karatasi. Wajumbe tisa, wachaguliwe sita, kisha waketi kuzunguka meza ya duara yenye viti vilivyoandikwa namba moja mpaka sita. Kwa njia ngapi?

Kuchagua sita kati ya tisa ilikuwa themanini na nne, hilo halikumchukua muda. Meza ya duara, watu sita, punguza mmoja, mia na ishirini. Mkono ulikuwa umeshaandika tarakimu ya kwanza. Halafu akarudi kusoma neno kwa neno. Viti vilivyoandikwa namba.

Namba ni mlango. Ukiwasogeza wote kiti kimoja, aliyekuwa kwenye namba moja sasa yuko kwenye namba mbili, na hilo ni jambo jingine. Hapunguzwi mtu hapa. Ni mia saba na ishirini. Lakini jibu la namna hiyo, lisilopunguza mtu, ndilo lilikuwa ugonjwa wake. Ndilo lililomfelisha mara mbili. Je, anaona namba kwa sababu zipo, au kichwa chake cha Kinole kinamrudisha kule kule? Akasoma mara nyingine. Namba zilikuwepo, zimechapwa kwa wino. Akakata alichoandika, akapiga moyo konde, akaandika elfu sitini, mia nne na themanini.

Nje, uani, vijana wote walikuwa na elfu kumi na themanini. Wote. Diana aliposikia jibu la Chausiku alijishika mdomo.

"Dada Chau! Umerudi kwenye sinia?"

"Viti vilikuwa na namba, Diana."

"Namba zipi?" Diana aliuliza, na uso wake ukabadilika rangi.

Chausiku alikuwa sahihi, msomaji, na mimi sioni sababu ya kukuficha. Lakini yeye hakuwa na mtu wa kumhakikishia, na kwa Mwalimu Eric hakwenda kuuliza. Alijiambia kwamba kama amesoma neno kwa neno amesoma, na kama hakusoma, kuuliza hakutamsaidia. Akarudi sokoni. Aliogopa Mei yote iliyobaki, akaogopa Juni, na mezani alikuwa akipima bizari ile ile mara mbili mbili. Mara mbili mjomba alimpigia simu kuuliza kama matokeo yametoka, na mara zote mbili sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao Chausiku hakuuelewa.

Yakatoka Julai. Diana ndiye aliyeyaona kwanza kwenye simu, akaja mbio sokoni akiruka ndoo za watu. Yeye mwenyewe alikuwa amepata D na hakujali. Chausiku alipewa simu, akatafuta namba yake, akaitazama, akaitazama tena. Hisabati: C. Aliketi juu ya gunia la karafuu akalia kwa sauti, na wauza nyanya wakaja kumpa pole wakidhani amefiwa.

Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Kesho yake alifunga begi, akapanda Kinole.

Alipofika kwenye kona ya nyumba ya mama yake, alisimama. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe pande tatu. Mabati mawili mapya yaling'aa juu ya paa. Uani pilipili manga zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka mpya, na ndani, kupitia dirishani, aliona kitanda kilichotandikwa shuka safi. Mjomba Abdulswamad alikuwa kwenye ukuta wa nne, brashi mkononi, mguu mbovu ameuegemeza kwenye kigoda.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee aligeuka. Akaona begi, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Marahaba, marahaba, mwanangu! Umekuja. Usiseme kitu, nimeshaelewa. Mtihani ni mtihani, umejitahidi. Tazama, kitanda nimetengeneza, bati nimebadilisha. Jikoni nitamaliza Jumamosi. Hutapata shida yoyote hapa."

Chausiku alishindwa kumtazama. Alitazama chokaa iliyomdondokea mzee kwenye ndevu.

"Mjomba," alisema, "sijafeli."

Brashi ikabaki hewani.

"Nimepata C. Naweza kwenda chuo kikuu. Nitakuwa mwalimu wa hisabati."

Mjomba aliishusha brashi taratibu ndani ya ndoo, akakaa kwenye kigoda, akaikunja mikono yake yenye chokaa mapajani. Kuku walipita mbele yake na hakuwafukuza wasizile pilipili.

"Nilikuwa nakuombea ufeli," alisema mwishowe. "Kila Ijumaa. Wenzangu wananyoosha mikono wanawaombea watoto wao heri, mimi namwomba Mungu mpwa wangu aanguke mtihani, arudi nyumbani. Hata leo asubuhi nimeomba."

Machozi yalikuwa yanamtoka Chausiku, na hakujua ni ya hasira au ya huruma.

"Alhamdulillahi," mjomba akasema, "hakunisikiliza."

Alijifuta uso kwa mkono na kuuacha mweupe zaidi. Kisha akauliza, "Chuo miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu." Aliupapasa mguu wake. "Basi nitauambia huu usubiri. Chukua brashi, mwalimu. Ukuta huu umebaki mmoja, na mimi nimechoka."

Chausiku akaweka begi chini, akavua viatu, akaanza kupaka.